Topinamba si kiazi mviringo: kuipanda, kuichimba na kuila bila kuteswa na tumbo

Wanaopanda topinamba, au artichoki ya Yerusalemu, kwa mara ya kwanza hukosea mambo manne yaleyale. Huchimba mapema, shina likiwa bado kijani. Huosha mavuno yote siku hiyohiyo na kuyaweka kwenye kikapu jikoni; baada ya siku nne au tano viazi vimesinyaa na vinapinda bila kuvunjika. Huvichemsha nusu saa nzima na kupata uji. Kisha hula sahani iliyojaa, na usiku kucha tumbo linanguruma. Makosa yote hayo yana chanzo kimoja: mmea umetendewa kama kiazi mviringo. Huu ni alizeti, ndugu kabisa wa alizeti ya mafuta, ila akiba yake ameificha ardhini, na akiba hiyo haina wanga.

Jina nalo limechangia kuwachanganya watu. Mmea haukutoka Yerusalemu wala si artichoki, ile mboga ambayo huliwa ua lake changa. Asili yake ni Amerika Kaskazini, ambako wenyeji waliulima kabla Wazungu hawajafika. Mwaka 1605 Mfaransa Samuel de Champlain aliukuta kwenye mashamba ya wenyeji huko Cape Cod, akaandika kwamba viazi vyake vina ladha ya artichoki. Kuhusu Yerusalemu, maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba neno la Kiitaliano girasole, yaani alizeti, liliharibikia midomoni mwa Waingereza. Wafaransa wakauita topinambour, kwa jina la Watupinamba, wenyeji wa Brazili, ambao baadhi yao walipelekwa Ufaransa mwaka 1613, miaka ambayo kiazi hiki kilikuwa bado kigeni huko. Wageni wawili wasiohusiana wakapewa jina moja. Jina la kisayansi ndilo lisilodanganya: Helianthus tuberosus, alizeti yenye viazi. Hapa tutauita topinamba kwa sababu ni jina fupi na halimpotezi mtu.

Akiba isiyo na wanga

Topinamba huhifadhi chakula chake kwa umbo la inulini. Hiyo ni minyororo ya sukari ya fruktosi, kiungo kimoja kimeshikana na kingine, mingine mifupi na mingine yenye makumi ya viungo. Zaidi ya robo tatu ya uzito wa kiazi kibichi ni maji. Katika kinachobaki, inulini ndiyo kubwa, kwa kawaida gramu 10 hadi 20 kwa kila gramu 100 za kiazi. Ukilielewa jambo hili moja, mengine yote yanajieleza.

Kiazi mviringo kikichemshwa, chembe za wanga hunywa maji, huvimba na kujaza seli, ndiyo maana kinakuwa na ungaunga. Inulini haivimbi, inayeyuka. Kuta za seli za topinamba zikishalainika hakuna kilichobaki ndani cha kushikilia umbo, na kiazi kizima huachia kwa pamoja. Kati ya kiazi kigumu na kiazi kilichovurugika kuna dakika tatu au nne tu.

Baridi nayo huigusa inulini. Joto la udongo likishuka, vimeng'enya vilivyomo ndani ya kiazi huikata minyororo mirefu, sehemu yake ikawa mifupi na nyingine ikawa sukari ya kawaida. Sukari hizo huukinga mwili wa kiazi dhidi ya jalidi, na ndizo zinazokifanya kilichochimbwa baada ya wiki kadhaa za baridi kiwe kitamu kuliko kilichochimbwa mara tu majani yalipokauka.

Mbegu na shimo lake

Maua ya topinamba ni ya manjano, yenye upana wa sentimita 5 hadi 10, na yanapendeza. Lakini usitegemee mbegu zake. Hutoka chache mno, na mche wa mbegu haufanani na mama yake. Mbegu ya kupanda ni kiazi chenyewe. Chagua kilicho kigumu, chenye uzito wa gramu 40 hadi 60, yaani karibu na yai la kuku. Kikiwa kikubwa kikate, kila kipande kibaki na macho mawili au matatu. Vipande vya gramu 10 au 15 huota pia, ila shina lake huanza likiwa dhaifu na linazidiwa na magugu.

Kiazi kilichotoka kuchimbwa kimelala. Hakichipui sawasawa mpaka kipite wiki kadhaa kwenye baridi ya nyuzi 0 hadi 5 za Selsiasi. Palipo na majira ya baridi udongo wenyewe hufanya kazi hiyo. Pasipo nayo, vitie viazi kwenye mfuko wenye mchanga unyevu, uweke kwenye friji wiki sita hadi nane kabla ya kupanda. Anayeruka hatua hii huona shina moja likitoka baada ya wiki tatu, jingine baada ya wiki nane, na mengine yasitoke kabisa, akadhani mbegu zilikuwa zimeoza.

Panda kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, kiazi hadi kiazi sentimita 40 hivi, mstari hadi mstari mita 1. Ukibana zaidi ya hapo utapata viazi vingi vidogo, na kuvimenya ni adhabu. Mmea hauchagui sana udongo, ila mvunaji ndiye anayepaswa kuchagua: kwenye udongo wa mfinyanzi viazi hutoka vimejikunja na kushika matope kila pembe, wakati kwenye kichanga au tifutifu hutoka safi na kubwa. Penye maji yanayotuama huoza. Changanya ndoo moja ya mboji iliyoiva kwa kila mita ya mraba, na uishie hapo. Samadi mbichi au mbolea nyingi ya nitrojeni hukupa msitu wa majani wenye urefu wa mita 3 na viazi vya kuhesabika chini yake.

Kabla hujachimba shimo la kwanza, fikiria kivuli. Mistari miwili ya topinamba ni ukuta kamili; iweke upande ambao kivuli chake hakitaangukia mboga nyingine. Na fikiria kwamba hapo utakapoipanda ndipo itakapokaa kwa miaka, kwa sababu tutakazozieleza mbele.

Kuhusu aina, ushauri wetu ni kuanza na Fuseau. Viazi vyake ni virefu, laini, karibu havina vinundu, kwa hiyo muda wa jikoni unapungua kwa nusu. Stampede hukomaa mapema na inafaa penye msimu mfupi. Dwarf Sunray hufikia takriban mita 1.5 hadi 2, na kwa mahali penye upepo hilo ni jambo kubwa.

Urefu wa mchana ndio unaotoa amri

Katika aina nyingi, kiazi hujazwa na ishara ya mchana kufupika. Wakati wa siku ndefu mmea hujenga shina na majani. Mchana ukianza kupungua, ncha za vitawi vya chini ya ardhi huvimba, maua hutoka juu, na akiba huanza kushuka. Katika nchi za kaskazini na kusini zenye kiangazi kirefu, hatua hizi mbili hutengana vizuri: kwanza kiwanda, kisha ghala. Karibu na ikweta, ambako mchana hukaa karibu saa 12 mwaka mzima, ishara ya kujaza viazi huwapo tangu mwanzo. Mmea huchanua ukiwa mfupi na kuweka viazi vichache kabla haujapata majani ya kutosha. Hapo kosa si la mkulima wala la mbolea. Dawa yake ya sehemu ni kupanda karibukaribu, sentimita 30, na kuchagua aina zinazowahi kukomaa.

Jambo la pili, ambalo wengi hawalijui: akiba haiendi moja kwa moja kutoka jani hadi kiazi. Kwa sehemu kubwa ya msimu sukari huwekwa kwanza ndani ya shina, na hushuka kwenye viazi mwishoni, wakati mmea unachanua na baada ya hapo. Ukikata shina likiwa kijani, unatupa mavuno ambayo hayajafika chini. Wiki tatu au nne za mwisho, ambazo bustani inaonekana chafu na imechoka, ndizo zinazonenepesha viazi.

Hilo ndilo linalopasa kukuongoza kuhusu kupogoa. Penye upepo mkali, mashina yakifika mita 2 kata ncha yarudi mita 1.5, mapema katikati ya msimu, kabla machipukizi ya maua hayajaonekana. Mmea utachipua pembeni, na hasara ni ndogo kuliko ya shina lililong'olewa na upepo likavunja vitawi vyote vya viazi. Baada ya maua kuanza, usikate tena. Unaweza kutoa machipukizi ya maua kwa mkono kama hujali urembo.

Kazi nyingine ni chache. Mashina yakiwa na urefu wa sentimita 30, yapandishie udongo kama tuta la sentimita 15. Yatasimama imara na viazi havitachomoza juu. Palilia wiki sita za kwanza, baada ya hapo kivuli cha majani kitamaliza magugu. Mmea huvumilia ukame, lakini ukame ukija wakati viazi vinavimba hutoka vidogo vyenye vinundu vingi. Hapo mwagilia kwa wingi mara moja kwa wiki, maji yafike chini, badala ya kurashia kila jioni.

Ugonjwa wa kuogopa ni ukungu mweupe, Sclerotinia. Angalia sehemu ya shina iliyo karibu na udongo: utaona pamba nyeupe, kisha shina linageuka rangi ya majani makavu, na ukilipasua kwa kisu unakuta ndani punje nyeusi, ngumu, kama kinyesi cha panya. Punje hizo hukaa hai ardhini miaka kadhaa na hushambulia pia maharage, saladi, karoti na alizeti. Ng'oa mmea mzima pamoja na viazi vyake, uuchome au uutupe mbali, usiutie kwenye mboji. Usipande mazao hayo niliyoyataja hapo kwa miaka minne au mitano. Kutu ya majani na ubwiri unga wa mwishoni mwa msimu havihitaji hofu; vikija wakati viazi vimeshajaa, hasara haionekani. Panya ni tatizo zaidi, hasa ukifunika shamba kwa matandazo mazito, maana unawajengea nyumba juu ya ghala.

Kuchimba, na kwa nini usichimbe vyote

Majani yakikauka yote, kata mashina yabaki na sentimita 15. Vipande hivyo ni alama zako. Bila alama hutajua kiazi kilipo. Simamisha uma wa bustani sentimita 35 kutoka kwenye shina, uzamishe wima hadi mwisho, kisha inua taratibu ukivuta shina kwa mkono wa pili. Viazi vingi hutoka vimening'inia pamoja. Vilivyobaki vipo kwenye duara la nusu mita, navyo hutafutwa kwa vidole. Shina moja lililotunzwa hutoa kilo 1 hadi 2.

Sasa ile habari ya kikapu cha jikoni. Kiazi mviringo kina ganda lenye tabaka kama la kizibo, linalozidi kukaza baada ya kuvunwa. Ganda la topinamba ni jembamba kama karatasi na halikazi kamwe. Maji hutoka bila kizuizi. Kwa hiyo ghala bora ni pale pale kilipo: chimba cha wiki hii, kingine kiache. Udongo ukiganda kwa baridi, tandika majani makavu kwa unene wa sentimita 20 hadi 30 ili uma uendelee kupenya. Hakikisha umemaliza kabla machipukizi mapya hayajaanza, maana yakianza kiazi hulegea na kupoteza ladha.

Ukilazimika kutoa vyote, usivioshe. Vipange kwenye sanduku, tabaka la mchanga unyevu na tabaka la viazi, visigusane, mahali penye nyuzi 0 hadi 2. Vitakaa miezi minne au zaidi. Kwenye friji ya kawaida, vikiwa na udongo wake ndani ya mfuko uliotobolewa mara mbili tatu, tegemea wiki mbili au tatu. Kilichosinyaa kidogo huamka kikilowekwa kwenye maji baridi kwa saa chache. Chenye doa laini au harufu, tupa.

Kiazi utakachosahau ardhini kitaota. Hata kipande cha ukubwa wa kidole gumba kitaota. Hii ndiyo sababu ya kukichagulia mahali pa kudumu, na ndiyo sababu mmea huu umetapakaa kando ya mito mingi ya Ulaya, ambako mafuriko husafirisha viazi. Anayetaka kuuzuia apande kwenye pipa la lita 40 au zaidi lenye matundu chini, au azike kizuizi cha bati kufikia sentimita 60. Anayetaka kuumaliza ajue kwamba kuna wakati mmoja mzuri tu: mashina mapya yakiwa na urefu wa sentimita 30 hadi 45. Hapo kiazi cha zamani kimeshatumika chote na vipya havijaundwa. Ng'oa kila shina wakati huo, rudia baada ya wiki tatu, na fanya hivyo msimu unaofuata. Kukata majani mwishoni mwa msimu hakusaidii kitu.

Jikoni

Loweka viazi dakika 15, udongo wa kwenye mikunjo ulainike. Vunja vinundu kwa mkono. Hukatikia kwenye shingo zao, na sehemu zilizofichika zinafunguka. Sugua kwa brashi. Kumenya si lazima, na kwa viazi vipya tunashauri usimenye, kwa sababu ganda lina ladha nzuri na linasaidia kushika umbo. Ukimenya au kukata, tia mara moja kwenye lita 1 ya maji yenye juisi ya limau moja, la sivyo vitageuka kahawia. Epuka sufuria ya chuma tupu au ya alumini. Vikikutana nayo huwa vya kijivu.

Njia isiyomwangusha mtu ni kuoka. Kata gramu 500 vipande vya sentimita 3, kausha kwa kitambaa, paka vijiko viwili vya mafuta na nusu kijiko cha chai cha chumvi, panga bila kubanana, oveni iwe nyuzi 200. Geuza baada ya dakika 20. Kwenye dakika ya 35 hivi kingo zinakuwa kahawia na harufu inafanana na ya karanga zilizokaangwa. Kisu kikiingia bila kusukumwa, toa. Ndani pamekuwa laini kama siagi, nje kuna ganda linalovutika. Vipande vikiwa na maji au vimerundikana, havipati rangi. Vinapikika kwa mvuke na kuporomoka.

Kwa kuchemsha, tia kijiko kimoja cha siki kwa kila lita ya maji. Asidi huchelewesha kuvunjika kwa kuta za seli, kwa hiyo dirisha lile la dakika tatu linakuwa refu. Anza kupima kwa kisu dakika ya 10. Vibichi navyo ni vizuri: vikate vyembamba milimita 2, vinakatika mdomoni kwa mlio, vitamu na vyenye majimaji. Kwa supu, pika gramu 500 na kitunguu kimoja katika mililita 750 za maji kwa dakika 25, saga kwa blenda, kamulia limau mwishoni. Supu hiyo ina uzito wa krimu bila tone la maziwa.

Tumbo

Malalamiko kuhusu gesi ni ya zamani kama kilimo cha mmea huu Ulaya. Mwingereza John Goodyer, aliyepewa viazi viwili vidogo mwaka 1617 na kuvizalisha, alikuwa ameshaandika kuhusu upepo wa tumbo ilipofika mwaka 1621. Alichokieleza kinafahamika leo. Utumbo mwembamba hauna kimeng'enya cha kukata inulini, kwa hiyo hupita ikiwa nzima hadi utumbo mpana. Huko bakteria huila kwa pupa na kutoa gesi. Hakuna sumu hapo. Bakteria hao hao wanaonufaika ni wale tunaowataka. Tatizo ni kiasi. Sahani ya gramu 300 inaweza kuwa na gramu 30 hadi 60 za inulini kwa mkupuo, na karibu tumbo lolote litalalamika.

Anza na gramu 50 zilizopikwa, pamoja na chakula kingine, na uongeze polepole kwa wiki mbili au tatu. Tumia viazi vilivyopitia baridi, kwa kuwa sehemu ya inulini imeshakuwa sukari inayomeng'enywa. Kwa sababu inulini huyeyuka kwenye maji ya moto, vipande vyembamba vikichemshwa dakika 15 kwenye maji mengi yenye limau, kisha maji yakamwagwa, huacha sehemu ya tatizo ndani ya sinki. Kwa mantiki hiyo hiyo, supu ndiyo inayosumbua zaidi ya mapishi yote, kwani unakunywa kila kilichoyeyuka; bakuli dogo linatosha. Kuchachusha nako hupunguza: vipande kwenye maji yenye gramu 30 za chumvi kwa lita, wiki moja au mbili, bakteria wa uchachu hula baadhi ya sukari zile fupi kabla yako. Mwenye utumbo unaokereka kirahisi, au asiyeweza kumeng'enya fruktosi, ni afadhali akiache kabisa.

Kwa lishe, gramu 100 hukupa takriban miligramu 430 za potasiamu na miligramu 3.4 za madini ya chuma, kiwango kizuri kwa kiazi. Na kwa kuwa majina yanafanana, tulitenganishe hili: inulini si insulini. Ni kweli kwamba inulini haipandishi sukari ya damu kama wanga unavyofanya, na ndiyo maana topinamba husifiwa kwa wenye kisukari. Lakini haina homoni yoyote ndani yake na haichukui nafasi ya dawa. Zaidi ya hayo, kilichokaa ardhini kwenye baridi miezi mitatu kina sukari ya kawaida zaidi kuliko kilichochimbwa mwanzoni, kwa hiyo mwenye kisukari anayekila apime damu yake kama anavyopima baada ya chakula kingine chochote kipya.